Fukara Halisi wa Kata ya Mlenge

Ipo nchi moja inaitwa Ustawi. Msiulize iko kaskazini au kusini, maana hata ramani zake zinafungiwa kabatini ofisini, kwa usalama wa ramani zenyewe.

Huko Ustawi ufukara ulifutwa siku ya Jumatano, saa nne asubuhi. Rais Mtukufu alipanda jukwaani, akavaa miwani, akasoma karatasi moja kwamba kuanzia dakika ile hakuna tena mwananchi fukara. Wananchi wakapiga makofi, kwa kuwa ndiyo kazi waliyoitiwa. Ilipofika mchana baadhi yao wakaona bado hawana cha kupika. Wakaambiwa wavute subira, waraka ulikuwa haujafika kwenye kata zao.

Mambo yakaenda vizuri hivyo kwa miaka sita. Kisha wakaja wafadhili kutoka nchi za mbali, watu wa huruma, wakasema wanataka kuwasomesha chuoni watoto wa mafukara. Hapo serikali ikashikwa pabaya. Ufadhili walikuwa wanautaka, na mafukara wenyewe walikwisha kufutwa! Baraza la Mawaziri likakaa siku tatu hotelini, likatoka na jibu: kila kata itaruhusiwa kuwa na fukara mmoja. Mmoja tu, wa mfano. Ikaundwa Idara ya Ufukara Halisi, ikapewa jengo la ghorofa nane na magari mapya, ili fukara asije akakosa wa kumtafuta.

Basi katika kata ya Mlenge alikuwapo bibi mmoja, Bi Somoe, msukaji wa mikeka. Alikuwa anamlea mjukuu wake, Shani, tangu mtoto hajaota meno. Shani huyo alifaulu mtihani wa mwisho akawa wa kwanza kata nzima, akapata nafasi ya kusomea uhandisi wa maji. Alichagua maji kwa sababu bomba la mtaani kwao lilizinduliwa na viongozi watatu kwa nyakati tatu, kila mmoja akakata utepe wake, na halijatoa hata tone la kulowesha ulimi wa kuku. Nafasi ilikuwa inamngoja chuoni. Ada ndiyo haikuwapo.

"Bibi, kuna ufadhili," Shani alisema siku moja, ameshika gazeti lililofungiwa maandazi. "Wanachukua mtu mmoja kila kata. Sisi tunafaa."

"Tunafaa kwa lipi?"

Shani akaangalia chini. "Kwa... hali yetu."

Bi Somoe akaendelea kusuka. Vidole vyake vilikuwa vinakwenda vyenyewe, lakini masikio yalikuwa yamepata moto. Miaka yote aliyomlea mtoto yule, hawakuwahi kulitamka neno hilo humo ndani.

*

Kwenye Idara walipokelewa na afisa mwenye tai, amekaa nyuma ya meza kubwa kama kitanda.

"Fukara ni cheo cha heshima," afisa aliwaeleza. "Hatukigawi hovyo. Huku nje kila mtu anasema yeye fukara. Fukara wa mdomoni hao! Sisi tunataka fukara mwenye vielelezo."

Akawapa fomu ya kujaza nakala nane, pamoja na maelekezo ya picha. Picha iwe ya rangi, mwombaji awe na huzuni ya wastani. Mpiga picha wa pale nje alihangaika na Bi Somoe tangu asubuhi hadi adhuhuri.

"Bibi, unatabasamu."

"Sitabasamu, baba. Ndivyo uso wangu ulivyo nikitazamwa na mtu."

"Basi fikiria jambo la kusikitisha."

Bi Somoe akafikiria neno lile la kwenye gazeti, picha ikatoka sawasawa. Afisa akaipima kwa rula, akaridhika, akagonga muhuri. Kisha akasema lililokuwa limebaki.

"Alhamisi wakaguzi watakuja nyumbani kwenu kuona kwa macho."

"Nyumbani?" Bi Somoe aliuliza.

"Nyumbani, Bibi. Ndani. Watakaa, watatazama, wataandika."

Njia nzima ya kurudi Bi Somoe alitembea polepole, macho chini. Shani alidhani bibi yake amechoka.

*

Hakuwa amechoka. Alikuwa anahesabu vikombe, na kila akihesabu anapata kimoja, tena hakina mkono. Wageni wanakuja, tena wageni wa serikali, na watakalia wapi? Sebuleni mlikuwa na kigoda kimoja na ukuta. Bi Somoe alizaliwa kwenye nyumba ambayo mgeni akipiga hodi, mama mtu anatokea mlango wa nyuma kwenda kwa jirani kuazima, na mgeni hajui mpaka anaondoka. Ndivyo mtaa mzima ulivyoishi. Kulikuwa na chupa moja ya chai yenye maua mekundu iliyozunguka nyumba zote za Mlenge, na kila mgeni aliyeiona alidhani ni ya mwenyeji wake.

Jumatano akajifunga kanga, akatoka.

"Bibi unakwenda wapi?" Shani akamfuata mpaka kibarazani.

"Kwa Mama Kibwana mara moja. Nikaangalie ile chupa."

"Bibi! Hao watu wanakuja kuona kwamba hatuna!"

"Wakaone kwa wenzio. Kwangu watakunywa chai."

"Lakini ndicho kitu chenyewe wanachokuja kutazama!"

"Shani mjukuu wangu, wewe umesoma, mimi sikusoma. Lakini hakuna shule inayofundisha kumkalisha mgeni sakafuni. Wakituona watu wa heshima, watakupa. Nani anampa kitu mtu asiye na heshima?"

Mama Kibwana akatoa chupa, vikombe sita, na sinia. "Na kuku je?" akauliza. "Nina jogoo mmoja mkorofi, amemdonoa kila mtu hapa. Mchukue, atakuwa ametubu."

Wakawa wanacheka pale mlangoni, ndipo akapita Mheshimiwa Songoro, diwani wa kata, mwenye nyumba ya ghorofa na geti la chuma lenye simba wawili. Akawasalimia vizuri mno.

"Shikamoo, mama yangu. Nasikia una wageni kesho."

"Marahaba, baba. Wa serikali. Ndiyo nahangaika hapa."

"Makochi unayo?"

Bi Somoe akaona haya, akatazama kando. "Yako kwa fundi," akasema. Makochi yenyewe hayajawahi kuwapo tangu nyumba ijengwe.

"Usipate taabu. Chukua yangu."

"Yako, Mheshimiwa?"

"Yote! Na zulia. Na mapazia. Na friji uchukue, na televisheni, hata saa ya ukutani. Vijana wangu watabeba. Mama, wewe ni mama yetu sote, kesho usiache kitu nyumbani kwangu."

Machozi yakamtoka Bi Somoe kwa wema ule. Akasema, "Sasa wewe na watoto mtakalia nini, baba?" Akakimbia nyumbani kwake, akarudi na mkeka, ule mkuukuu wa kulalia, akampa akaukalie kwa siku hiyo moja. Diwani akaupokea kwa mikono miwili. Akaukunjua, akautazama palipochanika, akauliza kwa upole kama anaweza kupata na kikombe kisicho na mkono.

*

Wakaguzi walifika Alhamisi saa tano. Mkubwa wao alikuwa Ndugu Pazi, Mkaguzi Mwandamizi wa Ufukara Daraja la Pili, mtu mpole mwenye tumbo la kikazi. Nyuma yake karani amebeba jalada.

Nyumba ilikuwa inameremeta. Makochi yalijaa sebule mpaka mlango ukawa haufunguki wote, wageni wakaingia ubavu ubavu. Friji ilisimama pembeni, haikuwashwa, maana umeme haujafika upande ule wa mtaa, lakini ilisimama kwa adabu. Pilau ikaletwa. Jogoo mkorofi akaletwa.

"Bibi," alisema Ndugu Pazi, baada ya paja la kwanza, "lazima nikuulize maswali. Ni utaratibu tu."

"Uliza, mwanangu. Ongeza na kachumbari."

"Kwa siku mnakula mara ngapi?"

Shani, aliyekuwa amesimama mlangoni na jagi la kunawia, alimtazama bibi yake kwa macho yote aliyokuwa nayo. Na Bi Somoe aliyaona macho yale. Lakini mgeni alikuwa na chakula mdomoni. Unamwambiaje mgeni mwenye chakula mdomoni kwamba anakula cha kuazima? Kitashuka vipi?

"Alhamdulillahi," akasema. "Tunakula mpaka tunasaza."

"Wanasaza," karani akaandika.

"Mmewahi kulala na njaa?"

"Nyumba hii? Hata paka hajalala na njaa."

"Paka anashiba," karani akaandika, akapigia mstari.

"Bibi," Shani akasema taratibu, "waambie."

"Kawaongezee wageni maji, mjukuu wangu."

"Bibi, tafadhali."

"Shani! Wageni wanakula."

Walipomaliza, Ndugu Pazi akafuta mikono, akashukuru kwa moyo wake wote. Akasema katika miaka yake yote ya kutafuta mafukara hajapata kupokelewa vizuri namna ile. Bi Somoe akawasindikiza mpaka barabarani, kifua kimejaa. Akawaona wanavuka, wanaelekea kwenye geti la simba wawili. Akadhani wanakwenda kumsalimu diwani.

*

Matokeo yalitangazwa uwanjani, mbele ya watu, kwa tarumbeta. Mkurugenzi wa Ufukara alikuja mwenyewe kutoka mji mkuu, na hotuba yake ilibebwa na mtu mwingine kwa sababu ya uzito.

"Ndugu wananchi wa Mlenge," alianza, "ufukara si jambo la mchezo. Ufukara ni tunu. Kata isiyo na fukara ni kata iliyo nyuma kimaendeleo. Wataalamu wetu wameingia nyumba kwa nyumba. Kuna nyumba moja, sitaitaja, walikuta makochi, friji, televisheni, na paka aliyeshiba. Watu wa namna hiyo nao wanaomba ufadhili!" Watu wakazomea. "Lakini kuna nyumba nyingine. Humo hamkuwa na kiti. Hamkuwa na pazia. Walimkuta baba wa familia, amevaa fulana yenye matundu, amekaa juu ya mkeka uliochanika, anakunywa maji kwa kikombe kisicho na mkono. Mkaguzi wetu alilia. Ndugu zangu, nawaletea Fukara Halisi wa Kata ya Mlenge: Mheshimiwa Diwani Songoro!"

Makofi yakapigwa. Diwani akapanda jukwaani na mwanawe Tofiki, ambaye alirudia darasa la saba mara mbili na sasa alikuwa anaendelea vizuri. Akapewa cheti.

Bi Somoe aliduwaa. Kilichomshika kwanza haikuwa hasira. Ni mkeka. Aliuona kwa mawazo, pale kwenye marumaru ya diwani, mkeka wake na lile tundu la ubavuni ambalo Shani alilitoboa kwa goti alipokuwa anajifunza kutambaa. Kumbe siku ile wakati yeye anajitanda heshima ya diwani, diwani alikuwa amejivika njaa yake, na ilimkaa vizuri kuliko ilivyomkaa mwenyewe.

"Twende, Bibi," Shani alisema. Hakulia. Afadhali angelia.

Bi Somoe hakwenda. Alinyanyuka, akapita katikati ya watu mpaka mbele, akaomba kipaza sauti. Mtu akampa kwa kudhani ni mama wa kuombea dua.

"Yale makochi," akasema, na sauti yake ikatoka kubwa kwenye spika zote, akaiogopa. "Yale makochi si yangu. Niliazima. Friji niliazima, haikuwa na kitu ndani. Kuku wa Mama Kibwana. Paka sina. Nyumbani kwangu mna kigoda kimoja. Niliwaonea haya wageni... nikasema uongo. Mtoto hana kosa."

Kisha mtu mmoja nyuma akacheka, na wa pili, na kicheko kikaenda mpaka kwenye tarumbeta. Alicheka hata aliyewahi kutumia ile chupa ya maua mekundu.

"Na uliazima kwa nani?" Mkurugenzi akauliza.

"Kwa Mheshimiwa Songoro."

Mkurugenzi akamgeukia diwani, uso umejaa mshangao mtukufu. "Mmesikia, wananchi? Fukara huyu, katika ufukara wake, alitoa mpaka makochi yake kumpa jirani! Huo ndio uzalendo! Aongezwe cheti cha pili!" Makofi yakapigwa tena. "Na wewe, Bibi, kujifanya tajiri bila kibali ni kosa chini ya kifungu cha tisa. Kwa kuwa umekiri, utaonywa tu. Mwakani unaruhusiwa kuomba tena."

Jioni vijana wa diwani walikuja na orodha kuuliza habari za saa ya ukutani, iliyokuwa imebaki kwa kusahaulika. Mkeka haukurudishwa. Uliwekwa kwenye makumbusho ya Idara, ndani ya kioo.

*

Chuo kilikubali kumtunzia Shani nafasi kwa mwaka mmoja, si zaidi. Mwaka huo Shani alichota maji kisimani akawauzia watu, akawa anasoma vitabu juu ya ndoo iliyopinduliwa. Hakumlaumu bibi yake hata siku moja, na kila siku isiyo na lawama ilikuwa ndefu.

"Nitukane basi," Bi Somoe alimwambia mara moja.

"Nikutukane kwa lipi, Bibi? Kwa kupika pilau?"

Mwaka ukapita, Ndugu Pazi akarudi na karani wake. Safari hii nafasi ya fukara wa Mlenge ilikuwa wazi, kwani diwani alishapandishwa cheo. Sasa alikuwa fukara wa mkoa.

Bi Somoe hakuazima kitu. Mama Kibwana alikuja na chupa akakuta mlango umefungwa. Wageni wakaingia, wakatazama huku na huku, na kwa mara ya kwanza maishani mwake Bi Somoe akaona wageni wakisimama ndani ya nyumba yake kwa sababu hakukuwa na pa kukaa. Kigoda kikachukuliwa na Ndugu Pazi. Karani akaegemea ukuta.

"Bibi," mkaguzi alisema, akinusa upande wa jikoni, "mwaka jana palikuwa na kuku."

"Mwaka huu hakuna."

"Hata chai?"

Mikono ya Bi Somoe ikainuka yenyewe kwenda kwenye jiko. Akaikamata, akaikalia. "Hakuna, baba," akasema.

"Utaratibu tu. Mmewahi kulala na njaa?"

"Ndiyo."

"Wote?"

"Huyu hapana." Hakumtazama Shani. "Mimi."

"Kwa nini wewe tu? Fomu inataka sababu."

"Chakula kilikuwa cha mtu mmoja. Nilikuwa namwambia nimekula kwa Mama Kibwana."

Shani alikuwa amesimama palepale mlangoni kama mwaka jana. Mkono ukamwenda mdomoni. Katika akili yake mlikuwa na jioni nyingi sana, na katika kila moja bibi yake alikuwa ameshiba kwa Mama Kibwana, anajisugua tumbo, anasifia mchuzi wa Mama Kibwana, chumvi yake, nazi yake.

"Kwa wiki siku ngapi?" karani akauliza. "Hapa kuna visanduku saba."

"Tia unavyoweza, mwanangu," Bi Somoe akasema.

Karani akatia alama visanduku vinne, akamtazama yule bibi, akaongeza cha tano.

*

Wakapata. Barua ilikuja kwa gari, na pamoja na barua kibao cha bati, cheupe, maandishi mekundu: HAPA ANAISHI FUKARA HALISI, ALIYETHIBITISHWA NA SERIKALI. Masharti yalikuwa chini ya barua. Kibao kipigiliwe kwenye mlango wa mbele, kielekee barabarani, na kikae hapo miaka yote ya masomo. Siku kikiondolewa au kikifunikwa, ada inakatwa.

Shani akakishika kile kibao, akakigeuza, kama vile upande wa pili ungekuwa na maneno mengine.

"Bibi, tusikipokee."

"Na maji utajifunzia wapi?"

"Nitaendelea kuchota. Bibi, watu wote wanapita hapa. Wewe huyu, ukae nyuma ya mlango wenye maneno haya miaka minne? Sitaki. Nimekusikia siku ile, inatosha."

"Kaazime nyundo kwa Mama Kibwana," Bi Somoe akasema.

Shani hakutoka. Basi Bi Somoe akaenda mwenyewe, akarudi na nyundo, akapigilia kwa mkono wake, misumari minne, na wa tatu ukapinda akaunyoosha. Jumatatu Shani akaondoka na begi lake. Alipofika barabarani aligeuka kumwangalia bibi yake, akalazimika kusoma.

Kibao kiko pale hadi leo. Barabara ya Mlenge ina vumbi sana, na kila asubuhi Bi Somoe anatoka na kitambaa cha maji kukifuta, kwa sababu hawezi kuvumilia mgeni akute uchafu mlangoni kwake. Kinang'aa. Wakaguzi wanaopita na gari wamekwisha kuandika kuwa katika mkoa mzima hakuna fukara anayetunza mali ya serikali kama yeye, na wanafikiria kumpa cheti.

Wapita njia husimama kusoma, kisha hugeuza macho haraka.

"Soma tu, mwanangu," huwaambia. "Kimewekwa kisomwe. Mjukuu wangu yuko chuoni."

Naye mpita njia akishakwenda, Bi Somoe huvuta kanga mpaka usoni, akainama, akamalizia kufuta herufi zilizobaki.